Pili ni Nani?

Wivu una macho makali, lakini haujui kusoma. Hamira aling'amua hilo Ijumaa saa kumi na moja jioni, akiwa ameketi kwenye benchi la mwisho kanisani, mtandio ameushusha mpaka kwenye nyusi kama mtu anayekwepa mvua. Na alipong'amua, maji yalikuwa yameshamwagika.

Jina lake halisi lilibaki kwenye cheti cha ubatizo. Mtaa mzima ulimwita Hamira, kwa sababu alioka mikate katika duka la shangazi yake, na kwa sababu aliumuka upesi. Neno dogo tu likipata joto kidogo ndani yake, basi linavimba mpaka linafurika chombo. Yeye hakulichukia jina hilo. Mchumba wake ndiye aliyelitetea siku zote: "Bila hamira, mkate ni jiwe."

Mchumba huyo naye watu walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Mchana alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka madukani na begi zito la mawe ya kupimia, kuhakikisha kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Jioni alifundisha kwaya. Walikutana miaka miwili nyuma, alipokuja kukagua mizani ya duka la mikate. Aliinama, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Dada, mizani yako ina kosa. Inampendelea mteja." Hamira akamjibu, "Basi iache." Kwa sheria, mizani hukaguliwa mara moja kwa mwaka. Mizani ile ilikaguliwa kila Jumanne.

Sasa tangazo la ndoa yao lilikuwa limesomwa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Ilibaki moja.

Balaa lilianza wiki tatu kabla. Mwalimu alikuja amelowa, akaacha koti likauke karibu na tanuri. Utotoni Hamira alimwona mama yake akipekua mifuko ya baba kila mara kabla ya kufua, na alijifunza kupekua kama watoto wengine wanavyojifunza kuchemsha maji. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Ukatoka na kikaratasi chenye mwandiko wa Mwalimu: *Pili, usiniache peke yangu.*

Hakuuliza. Neno lile alikula nalo, akalala nalo, akaamka nalo. Alimvizia mama mmoja mwanakwaya akinunua mkate, akamtupia swali kama mzaha: "Hivi kwenye kwaya yenu kuna Pili?" Yule mama akafikiri kidogo, akasema hapana, hawana. Mtu mwingine angepumua. Hamira akajiambia: kumbe wanamficha.

Halafu ikaja Alhamisi. Mwalimu alipita mchana kunywa chai, akaondoka mbio kuwahi kazini, na juu ya kaunta akaacha daftari lake kubwa la nyimbo, lenye jalada jeusi na mpira wa kulifunga. Hamira akaufungua mpira. Hakuona wimbo wala nukta. Aliona maneno ya penseli pembeni tu. *Pili, nisubiri hapa.* Ukurasa mwingine: *Pili, ingia polepole, kama juzi.* Mwingine: *Pili, pumua nami.* Mlango wa tanuri ulikuwa wazi, moto umekolea, unangoja mikate ya jioni. Kufumba na kufumbua, daftari likawa ndani.

Nusu saa baadaye Mwalimu alirudi anahema. "Sijaacha daftari hapa?"

"Sijaliona," alisema Hamira, na hakuinua macho kutoka kwenye unga.

Ndiyo maana Ijumaa alikwenda mazoezini, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, kumwona huyo Pili kwa macho yake. Mwalimu alisimama mbele bila daftari, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliinua mkono wa kushoto. "Pili, nisubirini," alisema. Na wanawake tisa wa sauti ya pili, akiwamo bibi mmoja mwenye fimbo na meno ya bandia, wakafunga midomo, wakamsubiri.

"Tatu, ingieni," alisema Mwalimu. Wanaume sita wakaingia.

Hamira aliinama mpaka paji la uso likagusa benchi la mbele. Waliomwona walidhani anasali.

*

"Sikiliza," alisema Shangazi Jumamosi mchana, mikate ikiwa imeshatoka, akipaka trei mafuta kwa kitambaa. "Daftari limeungua. Majivu hayana mdomo. Mwenye mdomo ni wewe. Ufunge."

"Nimesali tangu jana, Shangazi. Nimemwambia Mungu kila kitu."

"Basi kesi imekwisha. Hakimu mwenyewe amesikiliza. Unatafuta karani wa nini?"

Hamira alikaa juu ya gunia la unga. "Hicho ndicho nilichotaka kuamini. Lakini naona kama nimemkanyaga mtu mguu, halafu nimempita hapohapo mlangoni akichechemea, nimeingia ndani kumwomba radhi baba yake."

Shangazi aliacha kupaka. "Mh. Hayo umehubiriwa na nani?"

"Na magoti yangu. Kila nikiyakunja, namwona yeye."

"Wewe mtoto." Shangazi alishusha sauti, ingawa dukani hapakuwa na mtu. "Mama yake anakungojea ukosee tangu mwaka jana. Alisema nini siku ya barua ya posa? 'Msichana mzuri, ila anachemka kabla ya maji.' Sasa unataka kumpelekea kosa lenyewe kwenye sinia, limefunikwa kitambaa? Na kesho tangazo la tatu?"

"Ndiyo."

"Atakuacha."

"Najua."

Shangazi alimtazama, akageuza uso, akaanza kupaka trei aliyokwisha kuipaka. "Basi nenda upesi," alisema. "Nilikuwa sitaki kukwambia. Wanamshuku yule mzee mlinzi wa kanisa. Wanasema huwa anawashia jiko kwa makaratasi anayookota. Kesho baada ya ibada wazee wa kanisa wanamkalisha kitako wamfukuze, na kazi aliyonayo ndiyo hiyo moja."

Hamira alikwisha kufungua kamba za aproni.

*

Nyumbani kwa kina Mwalimu sebule ilikuwa imepinduliwa. Mito ya viti ilikuwa sakafuni, droo zimechomolewa, kabati la vyombo limesogezwa mbali na ukuta. Mama yake alisimama penye meza, anapiga pasi kanzu za kwaya. Miguu miwili ilitokeza chini ya kochi.

"Karibu, binti," alisema Mama. Hakuwahi kumwita mwanangu. "Kama umekuja kutafuta, chagua kona. Kama umekuja kukaa, viti ndivyo hivyo unavyoviona."

Mwalimu alitoka chini ya kochi na tochi mkononi, vumbi limempaka nywele kama mtu aliyezeeka ghafla. Alipomwona Hamira uso wake ulilegea. "Nisamehe," alisema. "Siku tatu sijakuuliza hata umelalaje. Nimekuwa kama kichaa."

Hamira alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hakujiandaa kuombwa msamaha.

"Daftari halijapotea," alisema.

"Umeliona?" Alisimama mara moja. Uso wote uliwaka kwa furaha, na furaha ile ilimchoma Hamira kuliko tusi. "Mama, limeonekana. Liko wapi?"

"Nimelichoma."

Pasi ilisimama juu ya kanzu.

"Umelifanya nini?"

"Alhamisi. Ulilisahau kaunta. Nikalifungua, nikalitia kwenye tanuri. Uliporudi kuniuliza, nikakudanganya." Alizungumza akitazama vidole vyake, akaona hiyo nayo ni njia ya kujificha, akainua macho. "Nilisoma pembeni mwa nyimbo. Uliandika, Pili nisubiri. Pili pumua nami. Nikajua una mwanamke."

Mwalimu alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni. "Pili?" alisema. "Pili nani?"

"Ndivyo nilivyotaka kujua. Jana nilikuja mazoezini kumtazama. Nikaona Pili ni kina mama tisa."

Halafu Mama akatoa sauti puani, kitu kati ya kikohozi na kicheko. "Na ungegeuza ukurasa mmoja tu ungekutana na Tatu. Ungesema mwanangu anao wawili. Na Nne je? Huyo ungemfanya mwanamke wa wapi?" Alicheka kweli sasa, mabega yakimtikisika, mpaka harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Aliinyanyua pasi haraka. Kifuani mwa kanzu palibaki alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Mama aliitazama ile alama, na kicheko kikageuka kuwa kilio bila kupita katikati.

"Mama," alisema Mwalimu.

"Niache." Alijifuta kwa kiganja. "Ule mwandiko wa mbele ulikuwa wa baba yako. Ndio huo tu alioniachia marehemu."

Mwalimu aliketi kwenye sakafu, katikati ya mito. Alizima tochi, akaiwasha, akaizima.

"Zilikuwa nyimbo arobaini na moja," alisema polepole. "Kwaya inazijua kumi na tisa. Hizo zitarudi, zimo vichwani mwa watu. Nyingine Baba aliziandika akiwa mgonjwa, hakuna aliyeziimba. Nilikuwa naisubiri kwaya ikomae." Aliokota mto mmoja, akauweka magotini. "Nilimzika mara moja. Sikujua iko nyingine."

Hamira alitamani alie, lakini aliona kulia pale kungekuwa kumwomba yeye ndiye abembelezwe. Alisimama tu.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema Mwalimu. "Maneno matatu. Pili ni nani?"

"Niliogopa ungejibu."

Mama aliichomoa pasi kwenye umeme. Alikuja akasimama mbele ya Hamira, mwanamke mfupi mwenye macho yaliyovimba, na Hamira alingojea kofi au mlango.

"Nikwambie jambo," alisema Mama. "Mimi nililichukia daftari lile miaka ishirini na sita. Marehemu alikuwa akirudi kazini analishika lile kabla hajanishika mimi mkono. Safari moja nililificha ndani ya sanduku la nguo. Nilitaka akose kitu cha kushika, anishike mimi. Usiku ule alizunguka chumbani kama mtoto anayeota meno. Asubuhi nikalitoa, nikasema nimeliokota." Alivuta pumzi. "Kwa hiyo nakuelewa, binti. Nakuelewa kuliko huyu. Lakini kuelewa si kusamehe. Huko bado sijafika, na sitaki kukudanganya kwamba nimefika."

"Ahsante, Mama," alisema Hamira, na alimaanisha.

"Na yule mzee mlinzi," aliongeza Hamira, "wanataka kumfukuza kesho kwa ajili yangu. Naomba niende kwake kwanza."

Mwalimu alinyanyuka, akajipangusa magoti. "Twende," alisema.

"Mtarudi wote wawili?" aliuliza Mama.

Mwalimu alilichukua begi lake mlangoni, akatangulia kutoka.

*

Walitembea bila kugusana. Hata hivyo Mwalimu alipita upande wa barabara yenye magari, akamwacha Hamira upande wa ukuta, kama alivyofanya siku zote. Hamira alipoliona hilo ndipo machozi yalipomzidi nguvu. Aliyafuta kwa ncha ya mtandio, akaendelea kutembea.

"Umenikasirikia," alisema.

"Nimekasirika. Lakini hasira naijua, ina kupoa." Alisogeza begi la mawe kutoka bega hili kwenda lile, alikuwa amelibeba kwa mazoea tu, Jumamosi hakuna kazi. "Ninaogopa, Hamira."

"Unaogopa nini?"

"Siku nitakayochelewa kurudi. Siku mjane mmoja atakaponishika mkono nje ya kanisa kunishukuru. Nitaanza kupima kila neno kabla sijalitoa, hili zito, hili jepesi. Mimi napima kutwa nzima. Nyumbani nilitaka kwenda kupumzika."

Hamira aliyabeba maneno hayo. Alipita nayo mlango mmoja wa duka, mlango wa pili, fundi viatu akawasalimia wakamwitikia.

"Siwezi kukuahidi kwamba wivu hautakuja tena," alisema mwishowe. "Nitakuwa nasema uongo, na wiki hii nimesema wa kunitosha. Huwa unakuja kama chafya. Ila naweza kuahidi kuuliza. Hata swali likiwa la kipumbavu. Hata watu wakicheka. Nitauliza kabla sijachukua hatua."

"Na nikijibu, utaniamini?"

"Nitajifunza."

Mwalimu alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, kama afanyavyo mbele ya mizani ambayo mshale wake bado unacheza.

Mzee mlinzi walimkuta getini, amekalia kreti, redio ndogo iko sikioni. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Hamira alipiga magoti kwenye kokoto wakati wa kusema. Mzee alimwacha hapo muda mrefu kidogo kuliko alivyotarajia, kisha akamshika kiwiko akamwinua.

"Mimi nilijua si mimi," alisema. "Nilichokuwa sijui ni kama wenzangu watajua. Jana mtu ninayesalimiana naye miaka tisa alipita hapa, hakunisalimia."

"Nitakuletea mkate kila asubuhi, Baba, mpaka—"

"Mkate wako ni mzuri, nao nitaununua. Usinihonge nao." Alitabasamu kidogo, upande mmoja. "Kesho simama mbele ya hao hao walioninong'ona, useme ulivyosema hapa. Hayo tu."

Mbele ya kanisa zima. Hamira alijipangusa kokoto magotini. "Nitasimama," alisema.

*

Mchungaji alikuwa ofisini, miwani kwenye ncha ya pua, anaandika matangazo ya kesho kwa mkono. "Karibuni, maharusi," alisema bila kuinua kichwa. "Nimefika kwenye majina yenu sasa hivi. Kisha nitauliza kama kawaida, mwenye pingamizi aseme. Sijawahi kumpata hata mmoja."

"Mimi ninalo, Mchungaji," alisema Hamira.

Kalamu ilisimama. "Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya bibi harusi."

Alimweleza. Mara hii ya tatu maneno yalitoka kwa urahisi zaidi, na urahisi ule ulimtia wasiwasi, kwa hiyo alijikaza asiruke lolote: mfuko, kaunta, tanuri, uongo, mzee. Mwalimu alisimama dirishani, amewapa mgongo.

"Nilidhani wivu ni mlinzi wa mapenzi," alisema Hamira. "Nilidhani apendaye sana ndiye alindaye sana. Kumbe nimesimama mlangoni na rungu, huku nyuma yangu nachoma nyumba. Kesho usilisome tangazo, Mchungaji. Ukilisoma atanioa kwa sababu kadi zimeshagawiwa na kina mama wameshashona sare. Sitaki awe na mimi kwa kuwa njia ya kurudi imefungwa. Mimi ndiye nilikuwa nataka kumfungia njia zote. Nimechoka na kazi hiyo."

Mchungaji alivua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa mtu wa mahubiri marefu, lakini siku hiyo hakuwa na haraka ya kuhubiri.

"Mungu anajua kila kilichomo mifukoni mwetu," alisema mwisho, "na bado hatupekui. Anakaa anangoja tumwambie wenyewe. Nimekuwa nikijiuliza miaka mingi kwa nini. Nadhani ndivyo mtu anayependa anavyongoja." Aligeuka kuelekea dirishani. "Na wewe, kijana? Nilisome au nilifute?"

Mwalimu hakugeuka upesi. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio unakwenda na kurudi, na Hamira alihesabu mara kumi na nne.

"Usilisome kesho," alisema.

Hamira alifumba macho. Alilitaka yeye mwenyewe, na bado lilimwingia kama sindano.

"Wala usilifute," alisema Mwalimu. "Liweke."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Mchungaji. Nitakuja mwenyewe kukwambia. Naomba usinifuate."

Mchungaji alichana kipande chenye majina yao, akakikunja mara moja, akafungua droo, akakilaza ndani peke yake.

*

Kwenye njia panda, ambapo mmoja huenda kwao na mwingine kwao, Hamira alisimama kumuaga. Hakujua mtu huagwaje akiwa si mchumba kamili wala si mgeni. Alinyosha mkono kama karani.

Mwalimu aliutazama ule mkono. "Nataka kuliona," alisema.

"Nini?"

"Tanuri."

Duka lilikuwa limefungwa, Shangazi ameshakwenda zake. Hamira alifungua kwa ufunguo wa nyuma. Tanuri lilikuwa limepoa kwa ajili ya Jumapili. Mwalimu alichuchumaa, akafungua mlango wa chuma, akatazama ndani kwa muda mrefu, uso wake uko karibu na giza lile. Kulikuwa na majivu, kama majivu yote. Hakugusa. Hamira alisimama nyuma yake, ufunguo bado uko mkononi.

Aliposimama, alikwenda akaketi juu ya gunia la unga. Aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, midomo ikaanza kwenda bila sauti. Halafu sauti ikaja, ndogo, ya chini, ikipapasa. Mstari mmoja. Akakwama. Akarudi mwanzo, akapita pale alipokwama, akakwama mbele zaidi.

"Huu ni wa wiki ya mwisho hospitali," alisema, macho bado yamefumbwa. "Niliusoma mara nne au tano tu. Ubeti wa kwanza ninao. Wa pili sina hakika. Wa tatu umekwenda." Alijigonga paji la uso kwa kidole. "Nikilala nao leo, kesho utakuwa nusu. Una karatasi?"

Hamira alichomoa karatasi ya kufungia mikate, ile ya kaki, akachukua kalamu ya kaunta, akapiga magoti penye sakafu, akaitandaza juu ya trei iliyogeuzwa.

"Andika nitakavyokutajia. Herufi ndogo, moja moja, na nikisema nukta weka nukta." Aliimba kipande moyoni, akahesabu kwa vidole. "D. D tena. M. Nukta. S. Halafu D, hii uiwekee alama juu."

Kalamu ilikwenda, ikasimama. Alitazama alichoandika. Kitu kidogo kilimpanda kifuani, kipuuzi, kinachojulikana, na alitaka kukimeza kama alivyovimeza vyote wiki tatu zile.

"Mwalimu," alisema. "Nina swali. La kipumbavu kabisa."

Alifumbua macho. "Uliza."

"Huyu D ni nani?"

Mwalimu alimtazama. Alimtazama pale chini, amepiga magoti, unga kwenye mkono wa gauni, kalamu imeinuliwa, anangoja jibu kwa moyo wote kama mtoto anayesikilizwa maungamo. Na Hamira aliona kitu kikitetemeka pembeni mwa mdomo wake, kikashindana na huzuni, na huzuni haikuondoka, lakini ilisogea kidogo ikapisha.

"Ni do," alisema. "Sauti ya chini kabisa, wenzake wote wanamkalia juu. Mtu mzima. Hana dada."

"Na huyu M?"

"Mi. Wanakaa jirani, ila katikati yao kuna re." Alisogea kwenye gunia, akaacha nafasi ya mtu mmoja. "Njoo ukae juu, utaumia magoti. Tuanze tena mstari wa kwanza. Na kila usipomjua mtu, niulize."

Hamira aliketi. Mwalimu akaimba, naye akaandika.